Kumfundisha Msaidizi wa Kisheria: Mbinu Zake na Faida Zake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwanachuo atakayepangiwa shule ya kijijini hatakaa muda mrefu kabla ya kuletewa karatasi yenye mhuri. Atakayeileta huenda akawa mzazi wa mwanafunzi wake au mzee jirani, naye atasema maneno machache tu: "Mwalimu, hebu nisomee hii." Aghalabu karatasi hiyo huwa wito wa kufika barazani, nakala ya hukumu, au hati ya mauziano ya shamba. Mwalimu ataisoma, maana kusoma ndiyo kazi yake, lakini akiisha kuisoma ataulizwa swali la pili ambalo hakulitarajia: "Sasa nifanye nini?"

Swali hilo la pili ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mwalimu si mwanasheria, wala hatumtaki ajifanye mwanasheria. Hata hivyo yampasa ajue kwamba katika kata nyingi za nchi yetu yuko mtu aliyefundishwa mahsusi kulijibu swali hilo, naye ni msaidizi wa kisheria. Twapenda kueleza msaidizi huyo ni nani, hufundishwaje, na mafunzo yake yana somo gani kwetu sisi tunaofundisha watoto. Tumeshiriki katika kuandaa na kuendesha mafunzo ya namna hiyo, na tumejifunza mengi kutokana na makosa yetu kuliko kutokana na mafanikio yetu. Kwa hiyo hatutayaficha makosa hayo.

Msaidizi wa kisheria ni nani?

Kwanza yafaa tutenganishe kazi ambazo watu huzichanganya. Wakili ni mtu aliyesoma shahada ya sheria, akapitia mafunzo ya vitendo, akaapishwa na kuandikwa katika orodha ya mawakili. Yeye ndiye mwenye haki ya kumsimamia mteja wake mahakamani. Karani wa mahakama ni mtumishi wa mahakama. Hupokea na kutunza majalada, wala si kazi yake kumpa mdai au mdaiwa ushauri wa namna ya kushinda. Msaidizi wa kisheria si huyu wala si yule. Yeye ni mtu wa karibu na wananchi, aliyepata mafunzo yanayotambuliwa na kusajiliwa, ili awasaidie watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Kwa muda mrefu kazi hii ilifanyika bila ya sheria yake yenyewe. Mashirika ya kujitolea yalifundisha watu vijijini, nao wakafanya kazi kwa moyo, lakini hapakuwa na kipimo kimoja cha mafunzo wala cha maadili. Mwaka 2017 ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka huo, ambayo ilimtambua msaidizi wa kisheria, ikaweka utaratibu wa kumsajili, na ikaeleza mipaka ya kazi yake. Kwa mujibu wa sheria hiyo, msaidizi huwaelimisha wananchi juu ya sheria na taratibu zake. Humsaidia mwenye shida kufuata taratibu za kupata hati anazozihitaji. Humwelekeza penye chombo kinachostahili kulisikiliza jambo lake. Na huwashauri wanaogombana wapatane kwa amani pale inapowezekana. Msaada huo hutolewa bure. Hana ruhusa ya kusimama mahakamani kama wakili, wala ya kumtoza ada mtu anayemsaidia.

Haja ya mtu wa namna hii si ngumu kuiona. Mashauri mengi ya wananchi wa kawaida huanzia katika Mahakama ya Mwanzo, na kwa miaka mingi mawakili walizuiwa kuwatetea watu katika mahakama hizo. Mdai alijieleza mwenyewe, na mdaiwa alijitetea mwenyewe. Anayejua kujieleza kwa utaratibu na kutunza karatasi zake alikuwa na nafuu. Asiyejua aliweza kupoteza haki yake ingawa ukweli ulikuwa upande wake.

Mwanafunzi atakayemwambia mwalimu wake kwamba anaipenda kazi ya sheria asiambiwe kuwa njia ni moja tu, ya chuo kikuu. Kiko Chuo cha Uongozi wa Mahakama huko Lushoto, mkoani Tanga, ambacho hutoa astashahada na stashahada ya sheria, na wengi waliopitia huko hufanya kazi mahakamani na katika ofisi za sheria. Aliye kijijini naye anaweza kuanzia katika mafunzo ya msaidizi wa kisheria, akafanya kazi miongoni mwa watu wake, kisha akaendelea mbele.

Kosa tulilolifanya

Tulipoombwa kwa mara ya kwanza kusaidia kuendesha mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, tulifanya kama tulivyozoea. Tuligawa masomo kwa kufuata majina ya sheria: siku ya kwanza Katiba, siku ya pili Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, siku ya tatu sheria za ardhi za mwaka 1999, na kadhalika. Tuliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili. Mwishoni tulitoa mtihani wa maswali ya "taja" na "eleza". Walifaulu vizuri sana, nasi tukaridhika.

Baada ya wiki chache tulikwenda kuwaona wakiwa kazini. Mmoja wao, ambaye alikuwa amepata alama za juu kabisa, alikuwa amepokewa na mjane mmoja. Mama huyo alikuwa na nakala ya hukumu ya Mahakama ya Mwanzo. Shauri lilikuwa la mirathi ya mumewe, na shemeji yake ndiye aliyewekwa kuwa msimamizi wa mali. Mama hakuridhika na uamuzi huo. Msaidizi alimsikiliza kwa heshima. Kisha akamweleza, kwa ufasaha wa kutosha, kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji yampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Mwishowe akamwambia arudi baada ya juma moja ili wakae kitako na kuandika maombi yake.

Kila alichokisema kilikuwa kweli. Ila hakuitazama tarehe ya hukumu. Mama alikuwa amefika siku ya 26 tangu hukumu itolewe, na rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Aliporudi, siku zilikuwa zimetimia 33.

Mahakama ya Wilaya ina uwezo wa kuongeza muda penye sababu ya kutosha, na mama huyo aliomba akakubaliwa. Lakini maombi hayo yalikula miezi, na katika miezi hiyo mvua za kupandia zilikuja zikapita. Shamba lililimwa na wengine. Watoto wake wawili walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi ya pale, na mwalimu wao alituambia kwamba mwaka ule walihudhuria kwa shida.

Tulirudi kuitazama karatasi ya mtihani ya msaidizi yule. Swali la saba lilisema: "Taja muda wa kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo." Alikuwa ameandika "siku 30", nasi tulimpa alama zake zote. Kwa hiyo hatukuweza kusema kwamba hakujua. Alijua, lakini tulimfundisha ajue kwa mpangilio wa kitabu, si kwa mpangilio wa shida inavyoingia mlangoni. Kosa lilikuwa letu sisi waalimu wake.

Mbinu tulizozifuata baadaye

Tangu hapo tuliyapanga mafunzo upya. Badala ya kuanza na sheria, tulianza na kazi, yaani yale mambo ambayo msaidizi huyafanya kwa mikono, macho na masikio yake tangu mtu anapoingia mpaka anapotoka. Sheria zenyewe zilifundishwa kila moja mahali pake, kazi ilipozidai. Hizi ndizo hatua tano tulizozifuata.

(a) Kusikiliza na kuuliza

Wanafunzi walikaa watatu watatu. Mmoja alikuwa mwenye shida, wa pili msaidizi, wa tatu mtazamaji. Mwenye shida alipewa kisa kwa siri, naye aliruhusiwa kukieleza kama watu wanavyoeleza: kuanzia katikati, kurudi nyuma, kulia, kukasirika, na kuyaacha mambo ya aibu. Msaidizi aliagizwa amwache aseme bila ya kumkatiza, kisha aulize maswali manne: ni nani na nani, ni jambo gani, lilitokea lini, na iko karatasi gani. Mtazamaji hakusema neno. Aliandika tu maswali aliyoyasikia, na mwisho alimsomea mwenzake.

Tuligundua kwamba takriban wote huuliza maswali yenye jibu ndani yake, kama vile "Alikupiga, sivyo?" Swali la namna hiyo humfundisha mtu jibu. Tuliwazoeza kuuliza "Ikawaje?" na "Baada ya hapo?" Zoezi hili halihitaji zana yoyote, nalo ndilo lililobadili mambo kuliko mengine yote.

(b) Kusoma karatasi

Tulikusanya nakala za karatasi za kweli: wito, hukumu, stakabadhi za malipo, na hati za mauziano zilizoandikwa kwa mkono. Majina yote tuliyafuta kwa wino kabla ya kuzitumia. Kila mwanafunzi alitakiwa ajibu mambo matano kabla ya kusoma habari yenyewe: karatasi imetoka chombo gani, namba ya shauri ni ngapi, imeandikwa tarehe gani, yadai mtu afanye nini, na afanye kabla ya siku gani. Tarehe iliandikwa kwanza kabisa, juu ya ukurasa wa daftari, ikapigiwa mstari. Mjane yule ndiye aliyetufundisha kanuni hiyo.

(c) Kuchora njia ya shauri

Hapa ubao hutumika vizuri. Twaeleza kisa kimoja cha shamba, kisha twakibadili mara tatu. Kwanza, jirani amesogeza mpaka. Pili, mwenye shamba amefariki na ndugu wanagombania urithi. Tatu, mtu ameingia usiku na kuyafyeka mahindi. Shamba ni lile lile, lakini njia ni tatu. La kwanza ni mgogoro wa ardhi na lina vyombo vyake. La pili ni la mirathi, na iwapo mirathi hiyo yafuata sheria ya kimila au ya Kiislamu, huanzia Mahakama ya Mwanzo. La tatu ni jinai, na mahali pake ni kituo cha polisi. Wanafunzi huchora njia hizo wenyewe, wakasahihishana.

Njia ya mgogoro wa ardhi yatupa pia onyo kubwa. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake, kwa ajili ya kusuluhisha; kisha Baraza la Kata; kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; na juu yao Mahakama Kuu. Kwa miaka mingi Baraza la Kata liliweza kuamua migogoro midogo ya ardhi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, na uwezo huo wa kuamua ukaondolewa. Likabaki na kazi ya kusuluhisha, na iwapo halikufaulu katika siku 30, mlalamikaji akaruhusiwa kuendelea wilayani. Msaidizi aliyefundishwa mwaka 2015 na ambaye hakulifungua daftari lake tena angempoteza mtu kwa nia njema kabisa. Ndiyo sababu tukawazoeza wanafunzi waandike, kando ya kila kanuni, mwaka wa sheria inayohusika, na waulize kila mara kama imebadilishwa.

(d) Kuandika maelezo

Maelezo yaliyoandikwa vibaya humdhuru mtu kuliko kukosa maelezo. Tulifundisha kanuni tatu. Ya kwanza, mambo yaandikwe kwa jinsi yalivyofuatana, si kwa jinsi yalivyomuuma msemaji. Ya pili, yatenganishwe aliyoyaona mwenyewe na aliyoyasikia kwa wengine. Ya tatu, yakiisha kuandikwa, asomewe mwenyewe neno kwa neno, aulizwe kama ndivyo alivyosema. Katika zoezi la kwanza, mama mmoja katika igizo alisema, "Nilimwona akitoka shambani." Mwanafunzi akaandika, "Nilimwona akifyeka mahindi." Hakuwa na nia mbaya, alitaka kumsaidia. Darasa zima lilishtuka tulipowaonyesha kwamba kwa maneno mawili amemfanya mama huyo kuwa shahidi wa uongo.

(e) Kuujua mpaka wake

Hatua ya mwisho ni kujua pa kukomea. Msaidizi hachukui fedha, zawadi, wala kuku. Haelezi nje aliyoambiwa ndani. Jambo likimhusu ndugu yake, humpeleka mtu kwa msaidizi mwingine. Likiwa zito kuliko elimu yake, hulipeleka kwa mwanasheria, tena mapema.

Zaidi ya hayo, yako mambo ambayo hayasuluhishwi kifamilia. Mtoto akiwa amenajisiwa, au binti mwanafunzi akitaka kuozwa, si kazi ya msaidizi kuwakalisha wazee wapatane na kulipana ng'ombe. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari akawekewa adhabu ya kifungo cha miaka 30. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na yampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa aonapo haki ya mtoto inavunjwa. Wajibu huo wamhusu mwalimu kama unavyomhusu msaidizi.

Mfano wa andalio la somo

Ili mwanachuo aone mbinu hizi zinavyokaa katika kipindi kimoja, tunatoa hapa mfano wa somo la dakika 80 juu ya kusoma hukumu.

Lengo: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze kuipokea nakala ya hukumu na, katika muda wa dakika tano, kutaja mahakama, namba ya shauri, tarehe, uamuzi, na siku ya mwisho ya kukata rufaa.

Zana: Nakala za hukumu zilizofutwa majina, kalenda ya ukutani, ubao na chaki.

Hatua ya kwanza, dakika 10: Mwalimu aeleze kisa kifupi cha mtu aliyechelewa. Asitaje kanuni yoyote. Aulize, "Kosa lilitokea wapi?" Majibu yote yaandikwe ubaoni, hata yasiyo sahihi.

Hatua ya pili, dakika 25: Wanafunzi wagawanywe wawili wawili na kupewa hukumu moja moja. Watafute mambo matano. Mwalimu apite akitazama, asisahihishe kwa sauti.

Hatua ya tatu, dakika 15: Darasa lote lihesabu siku kwa kalenda. Kwa mfano, hukumu iliyotolewa tarehe 3 Machi. Siku ya hukumu haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ni tarehe 4 Machi, ya 28 ni tarehe 31 Machi, na ya 30 ni tarehe 2 Aprili. Wengi watajibu tarehe 3 Aprili kwa kudhani kwamba siku 30 na mwezi mmoja ni kitu kimoja. Waachwe wakosee kwanza, kisha wahesabu kwa kidole juu ya kalenda.

Hatua ya nne, dakika 20: Igizo. Mtu aingia na hukumu mkononi, akianza kueleza habari ndefu ya ukoo wake. Msaidizi amsikilize, na wakati huo huo aombe karatasi na kuitazama tarehe.

Hatua ya tano, dakika 10: Tathmini. Kila mmoja apewe hukumu asiyoiona bado, naye aifanyie kazi peke yake. Asiulizwe "Taja muda wa rufaa." Aulizwe, "Mtu huyu amebakiwa na siku ngapi?"

Mwanachuo ataona kwamba kanuni ya siku 30 imeingia katikati ya somo, baada ya wanafunzi kuihitaji.

Faida kwa mwalimu wa shule ya msingi

Huenda mwanachuo akauliza: haya yote yanamfaa nini mwalimu wa darasa la nne? Twaona faida tatu.

Faida ya kwanza ni ya mbinu yenyewe. Nasi shuleni twaweza kutoa alama zote kwa mtoto ajuaye kutaja na asiyejua kutumia. Mtoto huweza kuzitaja sehemu za barua zote, wala asiweze kumwandikia mjomba wake barua. Huweza kuimba jedwali la saba, akapunjwa dukani akiona. Mwalimu atungapo swali la mtihani hana budi ajiulize: akilijibu hili vizuri, nitakuwa nimejua kwamba aweza kufanya nini?

Faida ya pili ni kwamba stadi za msaidizi wa kisheria huanzia shule ya msingi. Kuhesabu siku kwa kalenda ni hesabu. Kueleza tukio kwa mfuatano ni insha. Kutofautisha "niliona" na "nilisikia" ni Kiswahili na ni maadili pia. Yafaa mwalimu awape watoto zoezi hili: mtu mmoja aingie darasani ghafula, achukue kitu, atoke. Kisha kila mtoto aandike alichokiona. Maelezo yakisomwa, watoto watashangaa jinsi yanavyotofautiana, na watajifunza uangalifu wa kusema kuliko kwa hotuba ndefu juu ya ukweli. Vivyo hivyo watoto wa madarasa ya juu waletewe stakabadhi na matangazo ya kweli, waulizwe yametoka wapi, lini, na yanadai nini. Mtoto aliyezoezwa hivyo ataisoma karatasi ya nyumbani kwao kabla haijafika kwa mwalimu.

Faida ya tatu yamhusu mwalimu mwenyewe kama mtu wa kijiji. Nchi yetu ina desturi ya zamani ya kuwafundisha watu wazima kwa mazungumzo na vikundi. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975 ziliwakusanya wananchi wengi mno kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakatenda. Waalimu walikuwa miongoni mwa viongozi wa vikundi hivyo. Elimu ya sheria yaweza kufuata njia hiyo hiyo, nayo leo ina nafuu ambayo haikuwapo: mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wakati wa kusema kwamba sheria ni mambo ya wenye Kiingereza umekwisha. Mwalimu anayekijua Kiswahili vizuri anaweza kumsaidia msaidizi wa kisheria kuandaa masomo, kutunga mazoezi na kuchora chati, bila ya yeye mwenyewe kutoa ushauri wa kisheria.

Hapo turudi kwa yule mzee mwenye karatasi yenye mhuri. Twamshauri mwanachuo afanye mambo matatu tu. Aisome karatasi yote kwa sauti, polepole, bila ya kuongeza neno lake. Aionyeshe tarehe, na kama ina siku ya mwisho aihesabu pamoja na mzee kwa kalenda. Kisha amwelekeze kwa msaidizi wa kisheria wa kata au kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, siku hiyo hiyo, wala asimwambie "tutaona wiki ijayo." Kwa hiyo mwalimu mpya, afikapo kituoni, aulize mapema msaidizi huyo anakaa wapi, kama anavyouliza ilipo zahanati.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba msaidizi wa kisheria ni mtu mwenye kazi yenye mipaka, anayetambuliwa na sheria, na ambaye mafanikio yake hutegemea sana namna alivyofundishwa. Tumeona pia kwamba kumfundisha kwa kufuata majina ya sheria hakutoshi. Hufundishwa kwa kusikiliza, kusoma karatasi, kuchora njia, kuandika maelezo na kuujua mpaka wake. Sisi tulijifunza hayo baada ya mtu asiye na hatia kupoteza msimu mzima wa kilimo. Twaomba waalimu wanaotufuata wajifunze kwa gharama ndogo kuliko hiyo.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Chagueni somo moja mtakalolifundisha katika mazoezi ya kufundisha. Tungeni swali moja la "taja" na jingine la kutenda juu ya jambo lile lile. Majibu yake yatawaonyesha nini tofauti?

2. Hukumu imetolewa tarehe 12 Julai. Siku ya 30 ni tarehe ngapi? Wafundisheni wenzenu namna ya kuihesabu kwa kalenda.

3. Mzazi anakuletea wito, naye ni ndugu yako wa karibu. Kipi utafanya, na kipi hutafanya? Toeni sababu.

4. Andaeni kipindi cha dakika 40 cha Kiswahili, darasa la tano, kitakachowazoeza watoto kutenganisha waliyoyaona na waliyoyasikia.